Sensa katika majimbo ya Dola ya Rumi

Asili ya neno *sensa* ni Kilatini, *census*, kutokana na kitenzi *censere*, yaani kukadiria thamani. Katika majimbo ya Rumi maana hiyo haikusahaulika: mtu alihesabiwa ili atozwe kodi, na mali yake iliandikwa pamoja naye. Huko Uyahudi, sensa ya mwaka 6 chini ya Quirinius (ndiye Kirenio wa Biblia ya Kiswahili) ilizusha uasi wa Yuda Mgalilaya. Nchini Misri watu waliandikishwa nyumba kwa nyumba kila baada ya miaka 14. Mwaka 104 liwali Gaius Vibius Maximus aliwaamuru waliokuwa ugenini warejee makwao.

Taarifa ilitolewa na mwenye mali mwenyewe, kwa kiapo. Desemba 127, katika jimbo la Arabia, mwanamke wa Kiyahudi aitwaye Babatha aliandikisha mashamba yake manne ya mitende, na kodi ya kila shamba. Hakujua kuandika, hivyo aliandikiwa. Naye akaapa kwa bahati ya Kaisari, kiapo kizito kwa Myahudi. Nakala aliyoihifadhi iligunduliwa pangoni, karibu na Bahari ya Chumvi.