Kasiksi ikibaki: bido ya nne iende wapi?

Wanamemba wengi wenye migomba wanajua hesabu hii. Ndizi zimeiva, zimekamuliwa, mtama umetiwa, na sasa kuna mabido manne ya lita 20. Mawili yanaenda soko. La tatu wanakunywa watu wa salongo na majirani. La nne linabaki nyumbani, na kila mtu anasema: «Hiyo itakunywewa tu.» Siku ya kwanza inakunywewa kweli. Siku ya pili wageni wanakuwa wengi kuliko kazi. Siku ya tatu ao ya nne kasiksi inaanza kuchachuka, na mama mwenye nyumba anaimwanga nyuma ya jiko.

Tunaandika juu ya ile bido ya nne kwa sababu ndani yake hamna pombe tu. Mna mikungu ambayo ingeuzwa ao kuliwa. Mna unga ya mtama. Mna maji yaliyobebwa na wamama na watoto kutoka chemchemi, na mna siku nzima ya mikono ya watu. Kwa kuwa mara nyingi mtama ndio kitu pekee kilichonunuliwa kwa franka, tunaona hasara ni ndogo. Si ndogo hata kidogo. Ukimwanga bido moja kati ya nne, umelima robo ya shamba lako bure.

Kwanza tuelewe kwa nini haikai. Juisi ya ndizi, yaani mutobe, ina sukari nyingi. Mtama uliokaangwa na kusagwa unaleta chachu. Chachu inakula sukari, inatoa pombe na ile hewa inayofanya povu. Kazi hiyo inachukua siku moja mpaka tatu, na kule kwa baridi, upande wa milima, inachelewa kidogo. Lakini chachu haiko peke yake. Kuna vijidudu vingine vinavyosubiri pombe iwe tayari, na vikipata hewa vinaigeuza kuwa siki. Hauwezi kuviambia vingoje siku ya soko. Wengine wanaongeza sukari ndani ya kasiksi iliyochachuka ili waiuze vile vile. Sukari inaficha ladha kwa saa chache, kisha mnunuzi anaenda kukunywa kwa jirani yako, na harudi.

Kwa hiyo nafasi kubwa ya kuokoa bido ya nne iko mbele ya kutia mtama. Mpaka pale juisi bado ina njia nyingi. Ukishatia mtama, njia zinabaki chache.

Na hata mbele ya juisi kuna shimo la kuivishia ndizi. Mukungu uliokomaa unaweza kungoja siku kadhaa juu ya mgomba. Ndizi zilizo ndani ya shimo hazingoji mtu. Usizike mikungu yote siku moja kwa sababu tu imekatwa siku moja. Fanya shimo mbili ndogo, moja nyuma ya ingine. Ndani ya kooperative, komite ya mauzo iulize kwanza: nani amekomande? Kuna ndoa wiki hii? Barabara ya soko inapitika kisha mvua? Halafu wapange zamu, jamaa hizi wiki hii, zile wiki ijayo. Tunajua zamu inaleta ubishi, zaidi wakati wa minerval, maana kila mzazi anatafuta pesa siku moja na mwenzake. Lakini kilima kizima kikishusha kasiksi siku moja, bei inaanguka, na anayefurahi ni mchuuzi mwenye mabido matupu anayengoja mpaka jioni.

Tuseme sasa juisi imekamuliwa na ni nyingi kupita komande. Tenga sehemu moja, usiitie mtama. Chuja kwa kitambaa safi. Juisi ya ndizi ni tamu, haina uchachu wa kutosha kujilinda, basi tia maji ya ndimu mpaka ulimi uusikie uchachu sawasawa. Jaza chupa za kioo zilizooshwa vizuri, acha nafasi ya vidole viwili juu. Panga chupa ndani ya sufuria kubwa juu ya kitambaa, ili zisigonge chuma ya chini. Tia maji mpaka karibu na shingo, weka vifuniko bila kuvikaza, na pasha moto polepole. Maji yakaribie kuchemka bila kuruka, yaani digri 80 mpaka 85, na yakae hivyo nusu saa. Toa, kaza vifuniko, acha chupa zipoe pole pole. Ukiziweka katika maji ya baridi zitapasuka mikononi mwako.

Mara ya kwanza mufanye chupa tano ao sita tu. Fungueni moja kisha wiki moja, ingine kisha wiki mbili, ingine kisha mwezi. Kama kifuniko kimevimba, ao juisi inatoa povu ao harufu ya kigeni, msionje. Mwangeni, mukarudie kuangalia usafi wa chupa na moto. Mutobe uliofanywa vizuri unaweza kukunywewa na wale wasiokunywa pombe: watu wa makanisa mengi, waislamu, wamama wenye mimba, watoto. Hao ni wanunuzi ambao kasiksi haiwafikii kamwe.

Wengine watauliza: kwa nini tusitie kasiksi yenyewe ndani ya chupa? Ng'ambo ya ziwa, kule Rwanda, pombe ya ndizi inauzwa katika chupa zenye alama, na si mchezo. Lakini wale wanapima, wanachuja kwa vyombo, wanapasha moto kwa kipimo. Kasiksi ya nyumbani iliyofungwa ikiwa bado inachemka inageuza chupa kuwa bomu, na vipande vya kioo havichagui jicho la mtoto ao la mkubwa. Hiyo ni kazi ya kooperative yenye vyombo. Tusianze nayo chini ya kitanda.

Sasa tuje kwa bido ambayo imeshachachuka. Hapa ndipo watu wanakata tamaa mapema. Ile kasiksi chungu iko nusu ya njia ya kuwa siki, na siki ni kitu tunachonunua mjini katika chupa ndogo. Chuja mara mbili ili unga yote ya mtama itoke. Tia ndani ya chombo chenye mdomo mpana, cha udongo ao cha kioo ao bido ya chakula iliyokatwa juu. Usitumie chombo cha chuma ao aluminiamu, maana siki inakula chuma na chuma inaingia ndani ya siki. Na bido iliyobeba dawa ya shamba, hata ikioshwa mara kumi, haiingii katika kazi hii. Jaza nusu tu, kwa sababu vijidudu vya siki vinataka hewa. Funika kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa kamba. Vile vinzi vidogo vya ndizi vinapenda siki kuliko sisi. Weka pahali pa joto, pasipo jua, na acha.

Kisha siku chache utaona juu ngozi laini, nyeupe-nyeupe. Usiogope, hiyo ndiyo mama wa siki. Kama badala yake unaona ukungu wenye manyoya, wa kijani ao mweusi, mwanga yote. Wiki tatu mpaka tano zinatosha mara nyingi. Onja: ladha ya pombe ikiisha na uchachu ukibaki, imefika. Chuja, pasha moto kama tulivyofanya na mutobe, jaza chupa mpaka juu kabisa, funga. Chukua kijiko cha ile ngozi utie katika bido ingine. Itaenda mbio zaidi.

Siki hii ni nzuri kwa pili-pili, kwa kachumbari, kwa kuondoa harufu ya sambaza mbele ya kukaanga. Lakini tusiitumie kuhifadhi mboga ndani ya chupa kwa miezi. Kwa kazi ile inatakiwa siki ambayo nguvu yake imepimwa, na ulimi si kipimo.

Machicha yanaenda haraka. Ganda za ndizi na machicha ya mtama ni chakula cha nguruwe na mbuzi, siku ile ile, na kwa kipimo, pamoja na majani mengine. Yakilala yanaoza, yakishika ukungu yanaumiza mnyama. Kumpa nguruwe kasiksi yenyewe ili «isipotee» hakumnenepeshi. Analewa, anaanguka, basi. Na kama shamba lako lina mnyauko wa bakteria, ule ugonjwa ulioanza kuonekana Masisi mwaka 2001 na kuharibu migomba mingi ya Kivu, usirudishe ganda, majani ya kufunikia wala machicha chini ya migomba. Fanya lundo la mboleo mbali nayo.

Kuna njia moja ambayo hatutaifundisha, nayo ni kupika kasiksi iliyobaki ili kutoa kanyanga. Tunajua inalipa, na bido nzima inaingia ndani ya chupa chache. Lakini ndani ya ndizi kuna kitu kinachogeuka kuwa metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua, na katika pipa la nyumbani hakuna anayejua sumu imetoka yote ao imebaki. Zaidi ya hapo kuni zinazohitajika zinamaliza miti ya kilima.

Tena, tuseme wazi jambo ambalo wamama wa vikundi vya AVEC wanatuambia mara kwa mara kisha mikutano, wakati wababa wameshatoka. Bido ya nne haibaki bila kazi pale nyumbani. Inaita watu mchana, na watoto wanatia kikombe ndani yake hakuna anayeangalia. Salongo inayolipwa kwa kasiksi inaanza kwa furaha saa mbili na inaisha kabla ya saa sita, mistari ya mahindi ikiwa imepinda. Kutoa kikombe kwa mgeni ni heshima yetu, na hatuna neno juu yake. Lakini mfanyakazi apewe chakula na pesa, pombe ije jioni.

Kwa kuanza, kooperative haihitaji mashine. Inahitaji chupa za kioo zenye vifuniko, ambazo mnaweza kuzikusanya kwa watu wanaotoka Bukavu na Goma, vitambaa, kalamu ya kuandika siku juu ya kila chupa, na termometa ya jikoni. Termometa moja inatosha kijiji kizima. Kasiyeri aiandike katika daftari la vyombo, na kila anayeiazima atie sahihi yake.