Nyambizi, Manowari na Kitenzi Kuzama

Mwanafunzi wa Moshi, chini ya Mawenzi na mbali na bahari, akisoma "manowari ya Wajerumani" huenda akawaza Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mfasiri, hata hivyo, pengine alikusudia U-852. Manowari ni meli yoyote ya kivita. Chombo kiendacho chini ya maji ni nyambizi, neno linalotukumbusha kupiga mbizi.

Utata wa pili umo katika kitenzi. Nyambizi ikishuka kwa hiari ya nahodha, hupiga mbizi. Ikienda chini isirudi, imezama. Tuuangalie mfano wenyewe. Tarehe 13 Machi 1944, U-852 iliizamisha Peleus, meli ya Kigiriki, katika Bahari ya Atlantiki. Kisha walionusurika wakapigwa risasi majini. Mwezi Mei ndege za Waingereza kutoka Aden ziliiharibu, isiweze tena kupiga mbizi. Ikakwama katika pwani ya Somalia, na mabaharia wake wakailipua. Daftari lake la safari lilipatikana katika mabaki, likawa ushahidi. Nahodha Heinz-Wilhelm Eck alishtakiwa Hamburg, akauawa tarehe 30 Novemba 1945.

Mfasiri akiandika kwamba "manowari ilizama", msomaji atauliza daftari hilo lilipatikanaje. Kwa hiyo twapendekeza: nyambizi kwa chombo, kupiga mbizi kwa mwendo wake, na kuzama kwa maangamizi tu.