Chuma cha Katwe na Watu wa Katwe

Ndugu wafanyakazi, wengi wafikapo Mweya hutazama tembo na viboko, kisha hurudi. Lakini jirani tu, penye ziwa la chumvi la Katwe, yapo magofu ya kiwanda yanayostahili kutazamwa na kila aliyewahi kushika spana.

Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga hapo mtambo wa kusafisha chumvi, kwa utaalamu wa Kijerumani. Maji ya ziwa lile ni makali mno. Yakala mabomba, mtambo ukafa. Chuma chake kimebaki kikiliwa na kutu.

Ukishaona chuma, shuka ziwani. Huko kazi haikusimama. Wanaume huingia majini kung'oa mawe ya chumvi. Wengine, wanawake wengi miongoni mwao, hutunza vidimbwi kandokando na kukusanya chumvi jua likisha kukausha maji. Maji yaliyoshinda mabomba ndiyo hayo hayo yanayochoma ngozi za watu hawa penye kila jeraha. Basi usiwapige picha tu. Waulize juu ya kazi na malipo yao.

Kilembe nako, karibu na Kasese, shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi 1956, mwaka ule reli ilipofika, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mafuriko ya mto Nyamwamba, 2013 na 2020, yaliharibu baadhi ya nyumba za wachimbaji. Anayetaka kuziona zilizobaki asikawie.