Mtoto Amepata Chuo Kampala: Asijifungie Chumbani

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo bado linagusa nyumba chache hapa kambini, lakini nyumba nyingi zinaliombea usiku na mchana: mtoto kwenda chuo kikuu Kampala na kukaa bwenini.

Kupata nafasi si mchezo. Wengine wanasaidiwa na skolashipu ya DAFI, iliyoanza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani na UNHCR. Wengine wanapitia Mastercard Foundation, iliyo na mpango wake pale Makerere. Wengine tena, ni familia imeuza mbuzi na gunia za mahindi. Barua ikifika tunapiga vigelegele. Halafu mtoto anapanda basi na begi lake moja, na sisi tunamwambia neno moja tu: "Soma!"

Ni neno zuri, lakini peke yake halitoshi. Tumeona vijana waliosoma peke yao, wakala peke yao, wakaficha hata kwamba ni wakimbizi, na mwaka wa pili wakarudi nyumbani kimya kimya. Akili walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia "ninaumwa", "sijala tangu jana" au "karo imechelewa". Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kujifungia chumbani.

BWENI SI KITANDA TU

Tuchukue mfano wa Makerere. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Ina mabweni ya wavulana kama Lumumba, Livingstone, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall, na ya wasichana kama Mary Stuart, Africa na Complex. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili: kila mwanafunzi anaandikwa katika bweni fulani, hata yule anayelala hosteli za nje kule Kikoni au Wandegeya. Basi hata mtoto akikosa kitanda, bweni analo. Anaweza kuchezea timu yake na kushiriki shughuli zake.

Majina yenyewe yana historia. Sisi tuliotoka Kongo, jina la Lumumba tunalijua vizuri: waziri mkuu wa kwanza wa nchi yetu, aliyeuawa Januari 17, 1961. Mtoto wa Kivu anafika Kampala akidhani ni mgeni kabisa, kumbe jina la mtu wa kwao liko pale pale chuoni! Wanafunzi wa Lumumba na wa Mary Stuart wana urafiki wa siku nyingi, unaoitwa Lumbox. Nsibirwa naye alikuwa Katikkiro wa Buganda, akapigwa risasi mwaka 1945 wakati wa ugomvi juu ya ardhi ya kupanua chuo.

Wenye mabinti wasikilize hapa. Mwaka huo huo wa 1945 Makerere ilipokea wasichana wa kwanza, sita tu. Kabla ya hapo wito wa chuo ulisema "Tuwe wanaume". Ikabidi ubadilishwe, ukawa "Tunajenga kwa ajili ya wakati ujao". Wale sita walifika mahali ambapo hata maneno ya ukutani hayakuwahesabu, na wakasoma. Binti yako naye ataweza.

Kuna pia habari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025. Alifika Makerere mwaka 1959, kijana wa familia maskini ambayo kijiji chake kilibomolewa na wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Wengi wetu tunajua maana ya kurudi na kukuta nyumba haipo. Alikaa bweni la Northcote, hilo ambalo leo ni Nsibirwa. Huko aliandika michezo ya kuigiza kwa mashindano ya mabweni, na mwaka 1962 wanafunzi wakaonyesha mchezo wake mrefu katika jumba la taifa la maonyesho, Kampala. Safari ya mwandishi mkubwa ilipitia mashindano ya bweni.

AANZIE WAPI?

Wiki ya kwanza ni ya kuwapokea wanafunzi wapya, asiikose. Amjue msimamizi wa bweni lake na yule anayetunza funguo na vitu vya bweni. Ajue ofisi ya Dean of Students iko wapi, maana huko ndiko kwenye washauri wa wanafunzi. Kuongea nao si aibu, wala si kichaa. Kijana aliyekimbia vita usiku anaweza kuwa na ndoto mbaya hata miaka kumi baadaye.

Kisha achague vitu viwili, visizidi. Kimoja cha mwili: mpira wa mabweni, mbio, au raga. Timu ya raga ya Makerere inaitwa Impis. Kingine cha roho au akili: kwaya ya St. Augustine kwa Wakatoliki au St. Francis kwa Waanglikana, msikiti wa chuo kwa Waislamu, mdahalo, maigizo. Akichukua kumi, masomo yataanguka. Asipochukua hata kimoja, ataanguka mwenyewe.

Na asione haya kwa lugha yake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini Waganda wengi bado wanakitafuta. Mtoto wetu anacho tangu tumboni. Awafundishe wenzake Kiswahili, nao wamfundishe Luganda na kumsaidia Kiingereza. Hapo urafiki unaanza bila kutoa hata shilingi.

SIASA: HAPO TUWE MACHO

Serikali ya wanafunzi, wanayoiita Guild, ina nguvu na ina kelele. Wagombea wengi wanahusishwa na vyama vya siasa vya nchi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kufanya siasa ndani ya Uganda, lakini inamruhusu kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida. Kwa hiyo michezo, kwaya, kikundi cha usafi, hayo yote ni sawa. Lakini kuvaa rangi za chama na kwenda kupiga kelele, hapana. Akiombwa kushika cheo chochote, aulize kwanza ofisi ya chuo au Ofisi ya Waziri Mkuu inayohusika na wakimbizi.

Hatusemi hivi kwa kutisha. Oktoba 2019, wanafunzi walipopinga karo kupandishwa, askari waliingia mpaka mabwenini wakawapiga. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa katika vurugu za kampeni za Guild. Kukiwa na maandamano, mtoto wetu akae mbali, na kitambulisho chake cha ukimbizi kiwe mahali salama.

NA SISI WAZAZI?

Tukipiga simu tusiulize maksi tu. Tuulize: "Rafiki yako ni nani? Ukiumwa usiku unagonga mlango wa nani?" Akikosa jibu, hiyo ni dalili, hata kama maksi ni nzuri. Akisema anacheza mpira Jumamosi, tusimgombeze kwamba anapoteza wakati. Na binti akisema hataki kufuata msafara wa usiku wa bweni, tumwambie amefanya vyema. Kushiriki si kukubali kila kitu.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayeshika jembe na wenzake hakai mgeni tena. Basi vijana wetu mnaokwenda Kampala, msingoje kupewa. Liombeni wenyewe.

Wazazi wenye maswali juu ya chuo walete kwetu, tutayajibu katika kurasa zijazo. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.