Springi Haiinui Difu

Je, wajua kwamba gari likiwekewa springi ndefu, bodi hupanda lakini difu hubaki palepale? Akseli nzima, ile ya bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, hukaa kimo cha katikati ya tairi. Hata ukitoka tairi ya inchi 31 ukafunga ya 33, difu itapanda inchi 1 tu. Inchi nyingine imekwenda juu ya akseli.

Kwa anayejijengea gari la kwenda Endebess na lango la Chorlim akitokea Kitale, au la kupanda Kapsokwony kutoka Bungoma, inchi hiyo ni mali. Udongo wa Mlima Elgon ukilowa, matrekta na malori huchimba mitaro miwili na kuacha tuta katikati. Tuta hilo halina habari na urefu wa bodi, linasubiri difu.

Gari lenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea hupendeza kwenye lami, ila difu yake imefungwa kwenye fremu: fremu ikibonyea, nayo hushuka. Akseli nzima ina tabia nyingine. Gurudumu moja likipanda jiwe, akseli yote huinama, difu hupanda kidogo, na gurudumu la pili husukumwa chini kutafuta ardhi.

Springi je? Land Rover ilianza mwaka 1948 na springi za bapa. Range Rover ya 1970 ikaleta koili juu ya akseli nzima, na Land Rover One Ten ikafuata mwaka 1983. Toyota, kwenye Land Cruiser zake ndefu za mfululizo wa 70, iliweka koili mbele mwaka 1999 na kuacha bapa nyuma. Kwa huku kwetu mimi ningeiga mpango huo bila kujadiliana na mtu.

Itazame springi ya bapa kwa karibu. Bapa kuu lina jicho kila ncha, na ndani ya jicho mna bushi. Mengine, kila moja fupi kuliko la juu yake, yamebanwa katikati kwa bolti, kisha yubolti zikaifungia akseli hapo. Mzigo unabebwa, akseli inashikiliwa isiyumbe, na msuguano wa bapa kwa bapa unapunguza mrusho. Koili hubeba tu. Inahitaji mikono ya kuishika akseli na fito ya kuizuia isihame kando. Fundi akichomelea mikono hiyo kombo, gari litatembea upande upande kama kaa.

Magunia kumi ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 900, ndiyo sababu watu huongeza bapa. Siku ya mzigo, sawa. Siku gari liko tupu, springi ngumu haikunjiki, gurudumu moja linaning'inia hewani, na difu ya kawaida haiwezi kulipa la pili nguvu zaidi ya ile inayozungusha lililo hewani. Umekwama ukiwa na magurudumu mazima.

Akseli ya nyuma nayo ichague kwa kutazama kitovu. Kikitokeza nje ya rimu, chenye duara la bolti ndogo, mara nyingi shafti ya ndani inazungusha tu; uzito umebebwa na bomba. Ikikatika, gurudumu halichomoki. Suzuki Jimny haina mpangilio huo nyuma, na kwa wepesi wake inatosha.

Tairi kubwa pia hulemea injini. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10, difu ya uwiano wa 4.1 inahitaji kuwa kama 4.5, mbele na nyuma sawasawa, la sivyo ukifunga gia ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu akseli zitavutana hadi kitu kikatike. Kabla ya kulipia akseli ya mtumba, ili ujue uwiano wake, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, na mtu ahesabu sehemu inayopokea propela imezunguka mara ngapi.