Kansa ya koo huonekana kabla haijauma, mbona tungoje?

Mgonjwa wa kansa ya koo huanza kwa kulalamikia nyama. Kipande kinakwama, anakisukuma kwa maji, kisha anajiambia kwamba alikula kwa pupa. Majuma yanapita, kimyet, yaani ugali wetu, nayo inaanza kumshinda. Anahamia kwenye uji na mursik, maziwa yetu ya mgando. Mwishowe hata maji yanarudi, na mwili uliokuwa na nguvu za kulima unabaki mifupa. Ni wakati huo ambapo familia huchanga nauli ya kumpeleka hospitalini.

Watu wa Kericho na Bomet wanaijua safari hii vyema, kuanzia milima ya majani chai hadi Soin kule chini, ambako miwa inachukua nafasi ya chai ukielekea mpaka wa Kisumu. Madaktari huiita saratani ya umio, yaani ya njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Makadirio ya mwaka 2018 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yalionyesha kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya 4,380 wa saratani hii, huku vifo vikiwa 4,351. Tazama jinsi nambari hizo mbili zinavyokaribiana. Wengi wa wanaoambiwa wanayo hawaponi, na sababu kubwa ni kwamba wanaambiwa wakiwa wamechelewa.

Eneo letu limo katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kupita kiasi. Linaloshtua zaidi huku kwetu ni umri. Kwingi duniani saratani ya umio ni ya wazee. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, watafiti waliandika habari za wagonjwa 109 waliogunduliwa kati ya mwaka 1996 na 2009 wakiwa na umri wa miaka 30 au chini. Hao ni watu walio katika umri wa kuoa, kuolewa na kulea watoto.

Kwa miaka mingi kazi kubwa ya Tenwek ilikuwa kumfungulia mgonjwa njia ya chakula. Mrija wa wavu wa chuma hupitishwa ndani ya umio, kisha hutanuka na kusukuma uvimbe kando. Mgonjwa aliyeshindwa hata na mate anaweza kula tena na kuishi miezi yake iliyobaki kwa heshima. Hiyo ni huruma kubwa, lakini mrija hauondoi saratani.

Ndipo watafiti wa hospitali hiyo, akiwemo daktari mpasuaji Michael Mwachiro, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walipojiuliza swali jingine. Je, kabla mtu hajahisi chochote, umio wake unasemaje? Waliwaita wakazi 305 wasio na dalili yoyote na kuwapima kwa endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera. Baada ya kutazama umio, daktari hunyunyiza iodini ndani yake. Seli zenye afya zina akiba ya glikojeni, aina ya sukari, na iodini ikiigusa, sehemu hizo hugeuka rangi ya kahawia iliyokoza. Seli zilizoanza kuharibika hazina akiba hiyo, kwa hivyo hazishiki rangi. Hubaki doa la manjano hafifu katikati ya kahawia, na hapo ndipo daktari anapochukua kipande kidogo cha kupima kwenye maabara.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Asilimia 14.4 ya watu hao, yaani karibu mtu 1 kati ya 7, walikuwa na seli zilizoanza kubadilika kuelekea saratani. Walikuwa wakila kimyet na nyama bila shida. Si wote ambao wangeugua, kwa kuwa mabadiliko madogo huweza kukaa miaka mingi bila kuendelea. Lakini mabadiliko makubwa yanaweza kuondolewa kwa kutumia endoskopi hiyo hiyo, bila kumpasua mtu kifua. Kwamba mabadiliko hayo huonekana kabla ya dalili lilithibitishwa hapa Bomet, na kwa maoni yangu hakuna utafiti wa afya uliofanywa katika milima hii unaostahili kusikilizwa na viongozi kuliko huu.

Kwa nini sisi? Jibu la kwanza liko kwenye kikombe. Chai yetu huchemshwa pamoja na maziwa hadi ifure, ikatiwa kwenye chupa ya kuhifadhi joto, na mgeni akimiminiwa hutarajiwa kuinywa ikitoa mvuke. Mwaka 2016 wanasayansi 23 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya IARC, wakatangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Lenye lawama ni joto, wala si majani ya chai. Huko Eldoret, uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 800 ulionyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari ya zaidi ya mara 3 kuliko wanaovinywa vikiwa vimepoa. Katika jimbo la Golestan, Iran, ambako pia watu hupenda chai ya moto, utafiti wa mwaka 2009 ulikuta kwamba waliokunywa chai chini ya dakika 2 baada ya kumiminwa walikuwa na hatari ya zaidi ya mara 5 wakilinganishwa na waliongoja dakika 4 au zaidi.

Mursik nayo imechunguzwa. Kibuyu husuguliwa kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa, maziwa yakatiwa na kuachwa yagande. Watafiti waliopima mursik walikuta asetaldehidi katika baadhi ya sampuli, nayo ni kemikali ile ile inayotokana na pombe mwilini. Hilo halitoshi kuihukumu mursik, kinywaji cha harusi zetu na cha kuwapokea wanariadha wetu. Zipo pia shuku dhidi ya moshi wa kuni katika jikoni zisizopitisha hewa, chang'aa, tumbaku, meno yaliyooza au kung'oka, na floraidi nyingi katika maji ya Bonde la Ufa. Inaelekea mambo kadhaa hukutana ndani ya mtu mmoja.

Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha uchambuzi wa jenomu za uvimbe 552 wa umio kutoka nchi 8, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo. Walitarajia kwamba mahali penye wagonjwa wengi, DNA ingekuwa na alama za pekee za kisababishi chake, kama sigara inavyoacha alama zake kwenye saratani ya mapafu. Hawakuziona. Alama za Kenya zilifanana sana na za nchi zenye wagonjwa wachache. Yawezekana kabisa kwamba kinachotuumiza hakiharibu DNA moja kwa moja, bali huunguza umio kila siku na kuulazimisha kujijenga upya, hadi seli zikosee njia. Chai ya moto ingefaa kabisa katika maelezo hayo, ingawa kazi ya kuthibitisha bado inaendelea.

Hatuhitaji kungoja jibu la mwisho ndipo tutende. Endoskopi na iodini vipo Bomet, ila mama wa Soin mwenye ng'ombe wa kukamua na watoto wa shule hawezi kupanda hadi Tenwek kupimwa ugonjwa asiouhisi. Kipimo ndicho kinachopaswa kumfuata. Kule Kilimanjaro, watafiti wamejaribu njia nyepesi: mtu humeza kidonge kilichofungwa uzi, ganda lake huyeyuka tumboni, sifongo ndogo hutanuka, nayo huvutwa polepole ikikusanya seli za umio. Jaribio lilionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kijijini. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, ambazo ndizo zinazosimamia hospitali zetu za umma tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zitenge fedha za kuwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki, kununua vifaa, na kuanza na familia zilizokwisha kumpoteza mtu kwa ugonjwa huu.

Nawe msomaji, mimina chai kikombeni uiache dakika 5 kabla ya kuinywa, na mgeni naye umwambie angoje. Toa moshi jikoni. Na chakula kikianza kukwama kooni, usinywe dawa ya vidonda vya tumbo kwa miezi ukitumaini kitapita. Nenda ukapimwe juma hilo hilo.