Istilahi Mbili za Sheria ya Maji ya Kimataifa

Mwanasheria anayesomea shahada ya uzamili katika sheria ya kimataifa ya rasilimali za maji hana budi kuusoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997, ulioanza kutumika mwaka 2014. Atakiwapo kuufafanua kwa Kiswahili, istilahi mbili humtatiza.

Ya kwanza hufasiriwa mara nyingi "mto wa kimataifa". Mkataba wakusudia maji ya juu ya ardhi na ya chini yake yaliyoungana kuwa kitu kimoja. Neno "mto" laweza kuliacha nje Ziwa Viktoria, pamoja na maji yasiyoonekana. Twapendekeza "mfumo wa maji wa kimataifa".

Ya pili yahusu madhara ambayo nchi yapaswa kuchukua hatua zifaazo isiyasababishe kwa jirani. Tafsiri "madhara makubwa" hupandisha kiwango: nchi iliyo upande wa chini wa mto italazimika kungoja hasara kubwa ndipo ilalamike. Yaliyokusudiwa ni madhara yasiyo ya kupuuzwa, ingawa si lazima yawe makubwa. Twapendekeza "madhara ya maana".

Mfasiri na apime kwanza kiwango kilichowekwa na sheria, ndipo achague neno.